Bakuli Halirudi Tupu

Jumamosi nilimwaga ndoo ya taka uani,
nikahesabu kama mtu anayedaiwa:
nailoni kumi na moja za mbaazi,
saba za barafu ya ubuyu (za Mgeni, hakiri),
mirija minne, na kijimfuko cha chumvi
chenye fundo gumu, lililotaka meno.
Wiki moja. Watu watatu.

Jumapili nikachukua bakuli la bati,
lile la ua jekundu lililobanduka,
nikatoka nalo Barabara ya Kumi na Tano.
Mwanamume mzima!
Kijiweni wakauliza, "Shemeji, umeachwa?"
Nikalibana kwapani. Likaonekana zaidi.

Mwantumu wa mbaazi alilitazama,
upawa ukasita hewani.
Nailoni anaijua: upawa mmoja, fundo, mia tano.
Bakuli halina fundo.
Akateka, akachungulia, akaongeza,
tui likapanda mpaka kwenye ua.
"Basi," nikasema.
"Bado linanitazama," akasema.

Usiku, nikilisugua, nikamkumbuka mama, Makorora:
bakuli la jirani halirudi tupu,
japo ndimu mbili.
Nailoni hairudi kwa mwenyewe.
Inakwenda mtaroni, inakaa kitako, inangoja masika,
kisha inatuletea maji hadi mvunguni.
Hiyo ndiyo shukrani yake.

Kesho naenda tena kwa Mwantumu,
ndimu mbili zikigongana ndani ya bati.
Mgeni anauliza: na barafu je, iwekwe kwenye nini?

Hilo bado sina jibu lake.