Kigingi cha Chuma

Gramu mia sita na arobaini.
Nimekipima kwa mizani ya duka la dawa,
mjini Naryn, ninakouza vidonge vya presha
na matone ya macho siku za wiki.
Kijisanduku cheusi, chepesi kuliko mkate.
Nimekiviringisha ndani ya soksi ya sufi,
nikakitia mfuko wa kushoto wa tandiko;
mfuko wa kulia, sukari ya mama,
na mawe mawili juu yake
maana sukari pekee haikutosha, farasi alienda mshazari.

Darubini za wenye magari sina.
Nina miguu mitatu ya kukunja,
kamera ya mkononi, niliyouziwa na mwalimu wa jiografia
alipohamia Bishkek,
na lenzi moja yenye ukungu pembeni.

Song-Kul, mwezi wa nane.
Maji ya ndoo yameota ngozi ya barafu.
Betri nimezikumbatia kwapani kama vifaranga.

Kwanza hutafutwa kaskazini.
Piga goti, fumba jicho moja,
chungulia kitundu kilicho ubavuni
mpaka nyota ile ikae katikati.
Sisi twaiita Temir-Kazyk, kigingi cha chuma:
farasi wawili wa mbinguni wamefungwa pale,
wazunguka usiku kucha,
na kamba haijakatika bado.

Nikabonyeza.
Kikaanza kusaga, taratibu,
fukusi ndani ya gunia la ngano,
kikigeuka kinyume cha dunia kwa mwendo wa dunia,
kama mtu atembeaye kurudi nyuma ndani ya treni
ili abaki mkabala na aliyemwacha stesheni.

Kaka yangu Kubanych akaja,
mikono ikinuka maziwa ya farasi.
"Nipige nami. Kesho naondoka."
Mkataba wa barabara, Surgut, miaka miwili.
Nikamketisha juu ya tandiko lililopinduliwa,
ziwa mgongoni, taa ya hema ikimgusa shavu.
"Dakika nne. Usitikisike."
"Mimi? Mimi ni jiwe."

Na kweli.
Yeye asiyelala bila kurusha teke
alibana pumzi, akaiachia uzi kwa uzi.
Mbwa alikuja, akamnusa magoti, akaenda zake.
Sikuona hata kope.

Picha ikatoka.
Nyota nukta nukta, kali kama ncha za sindano,
njia nyeupe ya mbeba majani makavu
imemwagika mpaka kwenye milima,
na chini yake
mtu aliyepakazwa kwa kidole gumba:
mabega mawili juu ya mawili,
uso usio na ukingo.

Akainamia kioo.
"Lakini nilikaa kama jiwe!"
"Ulikaa."
"Basi mashine yako mbovu."
"Nzima. Inafuata nyota.
Ukizisimamisha zile, sisi ndio tuonekanao tukienda."

Akanyamaza.
Kisha, kwa sauti ya mtu aliyepunjwa mnadani:
"Kumbe hata hapa nilikuwa nasafiri."

Dawa yake ipo, kila mpiga picha anaijua:
zima mashine, piga ya pili,
kata mtu huku, kata mbingu kule, shona.
Hiyo ya pili nilimpigia.
Ameonekana hadi kifungo kilichokatika,
na juu yake nyota zimekuwa vijistari, mvua ya kulala.
Ndiyo aliyoichagua. Iko naye Surgut, ndani ya simu.

Sijazishona.
Ya kwanza nimeibandika nyuma ya kaunta,
kati ya leseni na kalenda ya kiwanda cha dawa.
Wateja wakingoja chenji huinua macho.
"Nyota safi," wanasema. "Ila huyu mtu katikisika."

Namaliza kuhesabu vidonge, nafunga bahasha.
"Hapana," nasema.
"Hakutikisika hata kidogo."