Mchopozi wa Jumamosi

Umekuja na karatasi yako, Mahfudhi,
umejaza: mchopozi, wepesi kumi na saba,
kisu kiunoni, kisu kiatuni,
na kofia ya joho ishashushwa machoni
kabla Kadzo hajamaliza kufuta meza.
Keti. Sogeza achari isidondokee ramani.

Nami nilianza hivyo, ghorofa hii hii ya Kibokoni,
feni hii hii ikilalama juu ya vichwa.
Mchana karani wa forodha, Kilindini,
nahesabu makasha ya wenyewe
na sijaokota hata msumari.
Usiku nikasema, leo na niibe.
Nikaiba.

Hirizi ya dhahabu, mfukoni mwa shujaa wa Kadzo,
amelala, na zamu ya ulinzi ni yangu.
Nikarusha dadu: kumi na tisa!
Nikacheka, feni ikanijibu.
Kadzo akafunika kalamu yake taratibu
kama mtu afungaye duka.
Viazi karai vikapoa.
Hasnain, msimulizi wetu, akasema tu:
"Amefaulu. Hakuna aliyemwona."
Wote walikuwa wameniona.

Kikulacho ki nguoni mwako.
Mara ngapi nimeusema mdomoni,
sikudhani iko siku nitakuwa chawa.

Basi sikiza. Mkono mrefu hautoshi.
Wenzio wakifika mlangoni na mashoka
wakukute ushapiga magoti, sikio kwenye ubao,
unamuuliza Hasnain maswali ya mtu mwoga:
sakafu ina vumbi? Vumbi lina nyayo?
Nyayo zaingia. Je, zatoka?
Mwangalie hapo anavyokaa vizuri kitini.

Usiseme "najificha." Sema wapi.
Nyuma ya magunia ya iliki,
au chini ya ngazi, penye harufu ya paka?
Jifiche pahali tunapoweza kukuwazia.

Ukimdanganya mlinzi, mdanganye kidogo.
Uongo mnene haupiti dirishani.
Mwambie umeleta dawa ya macho ya mamake,
na uwe umelijua jina la huyo mama
tangu juzi, sokoni,
siku tuliyodhani unapoteza wakati.

Na hicho kisu ni kifupi, ndugu yangu,
uso kwa uso utachekwa.
Mwache Kadzo agonge ngao,
alitukane jitu kwa Kigiriama mpaka limgeukie,
ndipo wewe, mgongoni.
Waona? Hata kuchoma kisogoni
kwahitaji rafiki.

Halafu mpe kitu asichokiiba.
Wangu, Tatu Kucha, haibi viatu.
Tumepita kumbi za wafalme,
makubadhi ya lulu yamepangwa kizingitini,
anayaruka, vidole vikimwasha.
Hawajaniuliza kwa nini, nami sijasema
kuhusu Ijumaa ile babangu alipotoka msikitini
akarudi nyumbani pekupeku,
lami ya saa saba ikimla nyayo,
akisalimia watu njia nzima kama kawaida.

Mwezi jana tulikwama mbele ya sanduku la chuma,
sumu kwenye kitasa,
shujaa wa Kadzo amebakiza pumzi mbili.
Nikarusha. Dadu ikaruka meza,
ikabingirika hadi chini ya friji.
Nikalala kifudifudi na tochi ya simu,
shavu kwenye saruji.
Ilikuwa baina ya kifuniko cha soda
na mende aliyekufa zamani,
na mimi peke yangu ndiye niliyeiona.

Juu kimya.
"Ngapi?" akauliza Hasnain.

Ningeweza kusema kumi na nane.
Tatu Kucha angesema kumi na nane,
tena kwa kiapo.

"Mbili," nikasema, kinywa kikigusa vumbi.

Wawili wetu tulikufa usiku ule.
Kadzo akafunika kalamu,
kisha akanisogezea sahani ya viazi,
vingali moto.

Haya, huyo wako.
Jina lake nani?
Na nini hataki kukigusa?