Kivuko cha Vyura

Miaka kumi na tisa nimeipita njia hii
na lori la magogo, redio juu, vioo nimefunga.
Kila Aprili, theluji ikishayeyuka mitaroni
na mvua ya kwanza isiyouma ikianguka usiku,
lami ilijaa kitu, nami nikakipita.
Sikuuliza ni nini.
Magurudumu kumi na manne hayaulizi.

Mpaka mwaka ule, kwenye kona ya Soovälja,
taa zangu zilipomkuta mtoto katikati ya barabara,
koti la njano linampwaya, ndoo mkononi,
kiganja amekinyoosha kama trafiki.
Nilikanyaga breki hadi magogo yakaguna nyuma yangu.
"Zima injini," akasema.
Marju, bintiye Urve wa posta. Miaka tisa.
"Wanavuka."

Nikazima.
Na kila jiwe barabarani likawa na macho.
Majike wazito kwa mayai,
wamebeba waume mgongoni bila mbeleko,
wanatoka msituni kwenda bwawani walikozaliwa,
hatua, pumziko, hatua,
wasijue kwamba baba zetu walimwaga lami
katikati ya safari yao.

Ukingoni kulikuwa na watu na tochi:
Hilja na glavu zake za kuoshea vyombo,
kijana Taavet wa kinu cha mbao, amelala saa mbili tu,
na mzee Endel mwenye nyonga mbovu,
ambaye hawezi kuinama,
kwa hiyo anamulika na kutoa amri.
Ndoo ni zile zile za kukingia utomvu wa mibetula;
zilikuwa bado zinanukia utamu hafifu wa gome.

Kelele za chura hazimnyimi ng'ombe maji, sawa.
Lakini Urve anasema ukimya wa chura
ndio uliomnyima yeye usingizi:
miaka miwili mfululizo bwawa nyuma ya nyumba yake
lilinyamaza kama nyumba iliyohamwa.
Akaenda kwa diwani. Diwani akasema vyura hawapigi kura.
Endel akasema, "Sisi tunapiga."
Tukapewa bango moja, *Polepole*,
pembe yake imepinda tangu siku lilipochimbiwa.

Sasa mvua ikinyesha usiku
nalisimamisha lori kwenye kona, taa zinapepesa,
bosi anakata anachokata,
nami nainama pamoja na wengine.
Chura ni baridi kiganjani, halafu si baridi tena.
Anakusukuma kwa miguu ya nyuma
kama mtu anayekataa msaada wa ndugu.

Marju ana daftari lenye safu mbili.
Waliovuka. Waliokufa.
Nilimwambia aiache ya pili, inahuzunisha.
Akaniangalia, hakusema kwa ubaya:
"Hiyo ndiyo safu yako."
Tangu siku ile ninayeijaza ni mimi.

Jana usiku: mia nne na kumi na wawili.
Na thelathini na mmoja.

Tulikunywa chai kwenye kibanda cha basi,
basi lenyewe liliacha kuja zamani,
mkate mweusi, samaki wa moshi wa Hilja,
na Endel akibisha kwamba kuna mmoja kahesabiwa mara mbili,
anamjua kwa doa la shavuni.
Huyo huyo, tulipommimina ukingoni mwa maji,
aligeuka akaanza kurudi msituni.
Taavet alitaka kumshika.
"Mwache," Marju akasema. "Labda amesahau kitu."

Ilipogonga saa tisa bwawa likaanza.
Sauti moja, mbovu, bawaba isiyotiwa mafuta.
Halafu ya pili. Halafu sikuweza kuzihesabu.
Urve akazima tochi yake.
Soovälja nzima hakuna aliyelala,
na asubuhi, dukani,
hakuna aliyelalamika.