Utenzi wa Pilipili

Ya Pangani nayatunga,
si ya simba wala panga,
ni ya mwiko na ya unga
uliomwagwa vitani.

Nairobi ya mabati,
matope hadi magoti,
fisi akiiba kiti
kikiachwa barazani.

Vikaja vita vya mbali,
ikapita serikali,
ikazoa marijali,
mizigo iwe kichwani.

Mji ukabaki wake,
na babu na fimbo yake,
na jogoo, peke yake
dume lililo kazini.

Bi Tausi wa Mbaruka,
mwenye nyumba, mwenye duka,
kodi hudai kicheka
na rungu li mkobani.

Kalondu, binti Ukamba,
hulenga inzi kiimba
na macho ameyafumba;
akikosa, ni jirani.

Gathoni wa muratina,
pombe isiyo na jina,
ukinywa unamuona
babuyo wa kaburini.

Bahita toka Kibera
alirithi, si hasara,
tarumbeta la kukera
la mumewe, wa jeshini.

Juma moja la masika
habari ikapasuka:
"Wajerumani wafika,
wako Athi, darajani!"

Babu, yule mwenye fimbo,
shujaa wa majigambo,
aliposikia jambo
akajitia pipani.

Tausi kasema, "Kweli,
bunduki za serikali,
ila hii pilipili
ni yangu, toka dukani.

Chukueni, ni mkopo,
naandika kila kopo;
atakayekufa papo
deni liko urithini."

Njia ikamwagwa uji
mzito, si wa mlaji,
kamba ikakata mji
imelala majanini.

Saa sita: kwato! kwato!
toka upande wa mto;
jogoo kawa mtoto,
kajificha kikapuni.

Bahita kavuta hewa,
tarumbeta likalewa,
likalia kama njiwa
aliyekwama kooni.

Mshale wake Kalondu
ukapita kwenye tundu
la kizibao chekundu
cha Tausi, cha kambani.

Pilipili ikafuka,
uji kwato ukashika,
kamba juu ikaruka,
puu! wote matopeni.

Wakainua kandili:
kumbe ni nyumbu wawili
na mtu wa serikali,
uji u masikioni.

"Mimi ni Bwana Karani!
Sina bunduki, jamani!
Nahesabu mbuzi, kwani
wanatakiwa vitani!"

Tausi kacheka sana.
"Saa sita, mbuzi, Bwana?
Mlichukua mabwana,
na mbuzi nao, kwa nini?"

Gathoni katia kata,
karani kanywa, kajuta:
mara babuye kapita
akitokea pipani!

Akatia dole gumba
kwamba mbuzi wana mimba,
hata beberu wa shamba,
hawawezi safarini.

Mjerumani hakuja,
hata mguu mmoja;
wakangoja, wakangoja,
pilipili mkononi.

Waume waliorudi
hata kumi hawazidi;
Gathoni akakaidi
kutoka pale stesheni.

Tausi kamfuata,
ukurasa kaukata,
deni la mwenzi kafuta,
mara moja maishani.

Lakini Kalondu? Hapa
kizibao atalipa:
Tausi hivyo kaapa,
deni limo kitabuni.

Nimekirithi kitabu,
kurasa zina taabu;
nikiipiga hisabu
chafya hutoka puani.