Dakika Tano

Nilizichagua mbavu kwa kidole, mbuzi wa Kajiado.
Mchinjaji akazitupa kwenye mizani, mshale ukatetemeka,
akaniandikia kumi na saba kwenye kipande cha katoni.
"Dakika tano," akasema Kwamboka,
akipangusa meza kwa kitambaa kichafu kuliko meza.

Kariokor, Jumamosi, saa saba na robo.
Moshi ndio uliokuwa na haraka:
ulitufikia kwanza, ukajikalia kwenye koti la Musyimi
kama jamaa asiyealikwa.

Ndugu yangu akatazama simu. Nami nikatazama simu.
Miaka mitatu hatujakaa meza moja,
tangu cherehani ya mama ilipotolewa nyumbani
na kipande cha sare ya shule kingali chini ya sindano.
Nilikuwa nimepanga hivi: tule upesi,
tuulizane habari za watoto, nilipe, tuagane pale stendi.
Kumbe makaa nayo yana mpango wake.

Saa nane kasorobo. "Dada, kumi na saba?"
"Inakuja."
Inakuja! Neno lisilo na saa wala mahali.
Mvua inakuja, lami inakuja,
maji ya mfereji yanakuja Alhamisi.
Labda inakuja kwa miguu, kutoka Kajiado,
ikiulizia njia.

Ukutani wameandika kwa rangi nyekundu:
LEO PESA, KESHO MKOPO.
Musyimi akasoma kwa sauti, kisha,
"Sisi tumelipa leo, tukapewa nyama ya kesho."
Nikacheka kabla sijajizuia,
kicheko cha baba, kile kinachoanzia puani.
Tukakitambua wote wawili. Tukanyamaza.

Meza ya pili bwana mmoja wa tai akagonga sahani kwa uma:
"Nina mkutano mimi!"
Kwamboka akamtazama kama mtu anayetazama mvua
akiwa ndani ya nyumba.
Nyuma yake nikamwona mchomaji, mmoja tu,
jiko moja linawaka, la pili limejaa majivu,
kidole gumba kimefungwa kitambaa,
anageuza mbavu za watu kumi na sita
na kuziinamia moja moja
kama fundi anayesikiliza redio mbovu.
Nikaanza kuhesabu. Nikaacha.

Tangu utotoni naambiwa subira huvuta heri.
Hakuna aliyewahi kuniambia inaivuta kwa kamba gani,
wala kwamba tumbo hunguruma muda wote wa kuvuta.

Saa nane unusu. Chumvi tumeilamba kwa ncha za vidole.
Simu yake ikazima. Yangu nikailaza kifudifudi.
Yakabaki macho.

"Ile cherehani," akasema, akikunja pembe ya katoni,
"niliiuza kwa Mama Ndanu. Elfu nane.
Mochari walikuwa wanahesabu kila siku anayolala.
Na wewe hukuwa ukishika simu."

Nilikuwa na jibu.
Nimelitunza miaka mitatu, limekolea
kama pilipili iliyosahaulika kwenye siki.
Lakini dakika tano zilikuwa bado hazijaisha,
nikapata muda wa kulitafuta
na muda wa kulikosa.
"Sikuwa na chaji," nikasema. Uongo.
Kivuli cha chupa ya maji kikasogea,
kikafika mkononi mwake.
"Sikuwa na la kusema," nikasema tena.

Ndipo ubao ukatua mezani.
Mbavu zimeungua upande mmoja,
kachumbari imesahau vitunguu, ugali unafuka.
"Poleni kwa kuchelewa."
Musyimi akanisogezea ule mfupa wenye mafuta,
tuliokuwa tukiupigania hadi mama anaushika yeye.
Tukala polepole kuliko walivyochoma.

Kisha chai. "Itachukua muda," Kwamboka akaonya.
"Ichukue," tukasema, sauti moja.
Nayo ikachukua.

Bili tu ndiyo iliyokuja mbio.