Mshindi wa Nafasi ya Pili

Februari, Tampere. Ziwa limeganda
hata magari yanakatiza juu yake kwenda ng'ambo.
Watano sisi, chini ya duka la viatu la Hilkka,
kwenye chumba cha tanuri, mahali pazuri kwa kelele,
tumekuja kuamua, kwa kauli moja,
albamu ipi ya roki iliyo bora katika miaka ya tisini.

Kauli moja! Sisi tusiokubaliana hata juu ya sukari.

Alianza Torsti, fundi bomba, vidole kama koleo,
jalada la santuri yake kalishika kama mtu abebaye yai:
"Sikilizeni gitaa linavyoingia. Haliingii. Linavunja mlango."
Tukasikiliza. Mlango ukavunjwa. Hilkka akapiga miayo.
Yeye aliitaka ile yenye fidla,
iliyomlaza mwanawe wa kwanza miezi minne mfululizo:
"Mtoto alikataa titi, akakataa dawa, akamkataa baba yake.
Hiyo hakuikataa."
Hoja nzito. Hatukuijibu.
Jorma alikuja na jedwali: alama za sauti, za maneno,
za picha ya jalada, na sijui kwa nini, za urefu wa nywele.
Pirkko, macho hayatoki kwenye soksi anayofuma,
akasema roki ilikufa mwaka themanini na tisa,
yeye amefuata mikate ya iliki.

Mimi nilikuwa na kanda.
Nakala mia mbili tu, zizi la ng'ombe huko Kauhava,
vijana wanne, maikrofoni mbili.
Wimbo wa tatu mbwa anabweka, nao hawasimami;
mpiga ngoma anamfuata mbwa.
Huyo mpiga ngoma nilimjua. Yatosha.
Kanda imelegea siku hizi, sauti zinakokota miguu
kama watu kwenye theluji ya magotini.
Torsti, kwa upole, akauliza kama imekwisha.

Mwamba ngoma huvutia kwake,
na sisi, watu wa mwamba wa magitaa,
tulivuta hadi ngozi ikalia.

Saa nne usiku tukapiga kura kwa punje za kahawa:
tano kwa uipendayo, nne kwa inayofuata, hivyo hivyo kushuka.
Jorma akahesabu. Akahesabu tena. Akavua miwani.

Imeshinda albamu ambayo hakuna aliyekuja nayo;
ilikuwa rafuni tu, ya mpangaji aliyehama.
Ya pili kwa Torsti, ya pili kwa Hilkka, ya pili kwangu,
ya pili hata kwa Pirkko asiyeamini kitu.
Jalada la buluu, gitaa limeoga,
nyimbo kumi zisizomkosea mtu adabu.
Tukaipigia makofi kama apigiwavyo mkwe.
Jorma akaandika daftarini: kwa kauli moja.
Ilipofika wimbo wa pili kahawa ikachemka,
na hakuna aliyerudi kugeuza upande.

Nikashuka ziwani, kanda mfukoni, ina joto kidogo.
Nyuma yangu, kwenye kidirisha cha chini,
mlango ukavunjwa tena, taratibu mno:
Torsti peke yake, ameshusha sauti asiwaudhi majirani.
Nikasimama. Barafu ikaguna mahali fulani, mbali,
kisha ng'ambo mbwa wa mtu akabweka,
na kidole changu, bila kuniuliza,
kikapiga paja, kikimfuata.