Vipimo vya Mabega

Kibanda changu kiko Lanet, ng'ambo ya reli:
mlango wa mabati, cherehani ya mguu,
na daftari lililokwisha jalada.
Humo nimeandika mabega ya maafisa
kabla hayajawa ya maafisa.

Tallam alikuja Jumanne, kadeti,
shingo ikielea ndani ya kola.
Juzijuzi alikuwa Kabarnet, akipiga kengele ya bweni.
Leo anasimama mbele ya kioo changu chenye ufa
kama aliyemeza mwiko.
"Punguza kiuno, fundi. Nimepungua tena."
Mara ya tatu naipunguza suruali ile ile.
Huyu wamemchukua udongo.
Wanamfinyanga alfajiri, wanamchoma usiku,
na siku ya gwaride atatoka tanurini
meno yakiwa bado ya mtoto.
Watu wenye mvi watampigia saluti.

Daktari Nyagudi hakupitia tanuri hilo.
Alifika ameiva,
miaka sita akipasua wagonjwa Kisumu, mkono hautetemeki.
Jeshi lilimtaka jinsi alivyo;
likamfunza tu kupiga mguu chini, kuamkia bendera,
kulala kwenye tope bila kulalamika.
Kulalamika, alilalamika.
Miezi michache, nyota zikamtua begani
nyingi kuliko atakazopewa Tallam.
Alinilipa bila kuomba punguzo,
akasema, macho kwenye viatu vyake:
"Wakiniita afande
nageuka nyuma kuona anaitwa nani."

Lusweti wa Kimilili namjua kitambo.
Mstari wa kwanza nilimshonea mkononi
mwaka ule mahindi yaliozea shambani.
Wa pili, aliporudi kutoka mpakani.
Wa tatu, aliporudi tena
na hakutaka kuulizwa kuhusu wenzake.
Sasa ameleta shati, ameliweka mezani:
"Fumua."

Nikashika wembe.
Uzi wa zamani hauachii hivi hivi,
hung'ang'ania kama kupe.
Chini ya mistari kitambaa kilikuwa kibichi,
hakijaona jua miaka yote hiyo,
na ile mistari mitatu ikabaki pale pale
bila uzi.
"Niiweke kiraka?"
"Acha. Nyota weka begani. Hapo paache."

Halafu akacheka, kicheko cha sajini, cha kujaza kibanda.
"Yule mtoto wa Kabarnet, mimi ndiye niliyemfunza
kufunga buti. Ijumaa tunalingana,
nyota moja yeye, nyota moja mimi.
Mke wangu ananifunza kushika uma kwa mkono wa kushoto.
Huko juu, fundi, wanacheka kwa meno tu.
Nitacheka na nani?"

Sikuwa na jibu. Nikauma pini.

Wateja huniuliza, hasa akina mama
wenye wavulana wa kidato cha nne:
njia ipi nzuri, wewe unayewaona wote?
Wananiuliza mimi,
niliyekimbia Afraha peku, nikafika wa nne,
kifua kikitoa moshi asubuhi ya baridi,
nikaambiwa nifungue mdomo.
Pengo moja. La ng'ombe wa baba, teke, nina miaka tisa.
Wakanichora alama mgongoni kwa chaki
nikatembea nayo hadi Bondeni bila kujua.
Tangu hapo chaki naishika mimi.

Njia sizijui. Najua mabega.
La Tallam linapanda, kana kwamba linavutwa na kamba.
La daktari linateleza, limezoea kuinamia kitanda.
La Lusweti, la kulia, limezama
pale mkanda wa bunduki ulipokaa miaka kumi na tisa,
na nyota ikiwekwa hapo hulala upande.

Usiku wa Alhamisi, stima imepotea, taa ya chemni,
nikatia pamba ndani ya bega lile,
unene wa vidole viwili,
nikashona kwa mkono, mshono wa kujificha.
Sikumtoza. Sikumwambia.
Kesho watasimama mstari mmoja,
na atakayetazama kutoka jukwaani
aone zote ziko sawa.